Chakula cha Liwali: Tafakari ya Nehemia 5

Wapendwa katika Kristo, somo letu la wiki hii ni Nehemia sura ya 5, nami nawasihi mlisome lote kabla hatujakutana katika vikundi vya nyumbani. Tumezoea kumkumbuka Nehemia kwa ajili ya ukuta wa Yerusalemu, tukaipita haraka sura hii inayosimulia njaa, madeni na kodi ya mfalme. Wapo waliokuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka. Wengine walikopa fedha wailipe kodi. Wengine wana na binti zao walikuwa tayari utumwani. Nao hawakuwa wakimlalamikia Sanbalati wala Tobia, maadui wa nje. Kilio chao kilikuwa juu ya ndugu zao Wayahudi, wakuu na wenye mamlaka wa taifa lao wenyewe.

Sisi tunaoishi Nairobi tunakijua kilio hicho. Mnamo Aprili 2024 kulifanyika Bomas of Kenya kongamano la kitaifa kuhusu mzigo wa mishahara ya umma, lengo likiwa kuushusha hadi asilimia 35 ya mapato ya serikali. Wakati huohuo madaktari walikuwa mgomoni, na dai lao mojawapo lilihusu wanagenzi, yaani madaktari wanaofanya mazoezi ya kazi baada ya masomo, ambao mkataba wa mwaka 2017 uliwapa takriban Sh206,000 kwa mwezi, ilhali serikali ilisema inaweza kuwalipa Sh70,000 pekee. Mgomo huo ulidumu siku 56, na aliyeumia zaidi ni mgonjwa asiye na pesa za hospitali ya kibinafsi. Kisha ikaja Juni, na vijana wakapoteza maisha wakiupinga Mswada wa Fedha. Kabla ya wengine wao kuzikwa, nchi ikatambua kwamba notisi iliyochapishwa tangu mwaka 2023 katika gazeti rasmi la serikali ingepandisha mshahara wa mbunge kutoka Sh725,502 hadi Sh739,600, na wa waziri kutoka Sh957,000 hadi Sh990,000, kuanzia tarehe 1 Julai.

Nilisikia watu wenye busara wakisema kwamba hasira iliyozuka ilizidi kiasi, kwa sababu nyongeza ya mbunge haikufika hata asilimia mbili ya mshahara wake. Hesabu yao ni sahihi. Lakini nyongeza hiyo ni zaidi ya Sh14,000, na wakati huo kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida katika jiji hili kilikuwa Sh15,201 kwa mwezi. Kwa hiyo kile kilichoonekana kidogo kwa mheshimiwa kilikaribia kulingana na mwezi mzima wa kazi wa ndugu yetu anayetoka Mukuru alfajiri kwa miguu kwenda kutafuta kibarua katika viwanda vya Industrial Area, na ambaye akiajiriwa rasmi hukatwa asilimia 1.5 ya ujira huo kwa ajili ya ushuru wa nyumba. Yeye ndiye aliyekuwa ameambiwa avumilie.

Sasa mtazameni Nehemia. Jambo linalonigusa zaidi katika sura hii ni kwamba yeye alikuwa liwali, yaani gavana wa Yuda aliyewekwa na mfalme, na chakula cha liwali kilikuwa haki yake. Maliwali waliomtangulia walikitwaa pamoja na shekeli arobaini za fedha, na hata watumishi wao wakawatawala watu kwa ukali. Nehemia aliwalisha mezani pake watu mia moja na hamsini, akachinjiwa ng'ombe mmoja na kondoo sita kila siku, na bado kwa miaka kumi na miwili hakukidai. Anataja sababu mbili tu: kumcha Mungu, na kwamba mzigo ulikuwa mzito juu ya watu. Kabla ya kuuliza anachostahili kupewa, aliuliza watu wanaweza kubeba nini.

Wabunge wetu hujibu kwamba mishahara yao haipangwi nao bali na Tume ya Mishahara na Marupurupu, iliyoundwa na Kifungu cha 230 cha Katiba, na jibu hilo ni la kweli kisheria. Hata hivyo, tume hiyohiyo ilipoupunguza mshahara wa mbunge mwaka 2013 kutoka Sh851,000 hadi Sh532,500, Bunge lilipiga kura kuyakataa maamuzi yake, na mwishowe wabunge wakakikubali kiwango kile pamoja na ruzuku ya gari ya Sh milioni 5. Wakati mwingine walijilipa marupurupu ya nyumba ya Sh250,000 kwa mwezi bila idhini ya tume, hadi Mahakama Kuu ilipoagiza mwaka 2020 kwamba fedha hizo zirudishwe. Kwa hiyo naamini kwamba tume haiwezi kutajwa kama ngao inapoongeza, kisha ipuuzwe inapopunguza. Katiba inasema katika Kifungu cha 73 kwamba mamlaka ya uongozi ni wajibu wa kuwatumikia watu, na mtumishi hatumikii kwa miezi ya nyongeza pekee.

Wapo waalimu wa Neno wanaotuambia kwamba Mkristo hapaswi kukasirikia serikali, nao hutuelekeza kwenye Warumi 13, inayotuagiza kuitii mamlaka. Nawaheshimu, lakini Nehemia alipokisikia kilio alikasirika sana, na Maandiko hayamlaumu. La kujifunza ni alichofanya baada ya hapo. Alishauriana na nafsi yake kwanza, akawakemea wakuu ana kwa ana, akaitisha kusanyiko kubwa, akataja kosa waziwazi, akadai mashamba na riba virudishwe, kisha, walipokubali, akawaita makuhani ili ahadi yao iwe kiapo. Ghadhabu yake haikumgusa mwenye kibanda. Katika siku zile za mwaka 2024 maduka ya wafanyabiashara wadogo katikati ya jiji letu yalivunjwa na kuporwa, na hatuwezi kuitetea haki ya maskini huku tukinyamazia hasara ya maskini mwingine. Lakini wale waliodai kwa amani walisikika: siku chache baada ya kelele za Julai, nyongeza ile ilisitishwa.

Kuna sehemu ya jambo hili inayotuhusu sisi wenyewe, nayo ni ngumu kuisema. Mbunge akiulizwa kwa nini mshahara haumtoshi, huorodhesha karo, matanga na harambee, na katika orodha hiyo hukosi kuliona kanisa. Tunamkaribisha mbele, tunampa kipaza sauti, tunapokea bahasha bila kuuliza ilikotoka, halafu Jumatatu tunashangaa kwamba anataka zaidi. Mnamo Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliukataa mchango ambao Rais na viongozi wengine walikuwa wametoa katika kanisa moja la Soweto, jijini humu, likaagiza urudishwe. Sisi si wa dhehebu hilo, lakini nakiri kwamba nilitamani uamuzi huo ungekuwa wetu.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Katika maombi ya wiki hii, mtajeni mbunge wa eneo lenu kwa jina, mkimwombea moyo wa kumcha Mungu. Na kabla ya mkutano wa baraza la kanisa, kila kikundi kijadili pendekezo kwamba ukarabati wa paa la kanisa letu ugharimiwe kwa sadaka zetu wenyewe, hata ikibidi uchukue miaka miwili badala ya mmoja, na kwamba mgeni mwenye cheo atakayekuja kuabudu nasi aketi pamoja na waumini na asipewe nafasi ya kutangaza mchango. Viongozi wa vikundi waandike maoni yatakayotolewa, yakiwemo ya wasiokubaliana, wayafikishe kwa katibu wa baraza kabla ya Jumapili.