Asilimia 81 ya nini? Kupima uzoaji wa taka Manispaa ya Moshi

Taarifa ya robo mwaka ikisema asilimia 81 ya taka zimezolewa, cha kwanza kuuliza ni asilimia 81 ya nini. Chini ya mstari wa kugawanya kuna makadirio ya taka zinazozalishwa, yaani idadi ya watu mara kilo anazozalisha mtu mmoja kwa siku. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 184,292 Manispaa ya Moshi. Ile ya 2022 ikahesabu 221,733. Tuchukulie, kwa mfano tu, kilo 0.6 kwa mtu na tani 90 zinazofika dampo kwa siku. Kwa sensa ya zamani mji unazalisha tani 110 na ushee, kwa hiyo tani 90 ni asilimia 81. Kwa sensa mpya uzalishaji unafika tani 133, na tani zilezile 90 zinakuwa asilimia 68. Hakuna lori lililoharibika wala kibarua aliyetegea. Kwa hiyo kando ya kila kiashiria paandikwe sensa iliyotumika, kilo zilizotumika na mwaka zilipopimwa. Ukihamia sensa mpya, rudia pia hesabu za miaka ya nyuma, la sivyo madiwani watadhani huduma imeporomoka ghafla.

Juu ya mstari nako kuna kazi, na huko ndiko taarifa nyingi zinakopotea. Dampo lisipokuwa na mizani ya magari, karani wa getini huhesabu tripu, kisha ofisini tripu zinazidishwa kwa uwezo wa gari ulioandikwa kwenye kadi. Lori la tani 7 hubeba tani 7 za mchanga au kokoto. Taka za majumbani ni nyepesi, bodi ya lori inajaa kabla uzito haujafika popote. Tumia futi kamba: bodi yenye urefu wa mita 4, upana 2.2 na kina 1.2 inabeba mita za ujazo 10.56. Kisha tafuta uzito wa taka zenyewe. Chukua pipa la lita 100, lijaze taka jinsi zinavyoshuka kutoka kwenye lori bila kuchagua, linyanyue kidogo na uliachie litue mara tatu, ongeza taka hadi ukingoni, pima, toa uzito wa pipa tupu. Ukipata kilo 30, maana yake mita moja ya ujazo ina kilo 300, na lori lile limebeba tani 3.2 hivi. Aliyeandika tani 7 amezidisha kazi zaidi ya mara mbili, na huenda kwa nia njema kabisa.

Pipa moja halitoshi. Pima malori ya sokoni peke yake na ya mitaani peke yake, kwa sababu maganda ya ndizi na mboga zilizooza kutoka soko la Mbuyuni ni mazito kuliko maboksi na plastiki za madukani. Rudia kiangazi na masika. Mvua ikinyesha taka zinalowa, tani zinapanda, na robo ya nne ya mwaka wa fedha, Aprili hadi Juni, inaonekana imefanya vizuri kuliko ya tatu bila nyumba hata moja kuongezwa kwenye ratiba. Linganisha robo ya nne na robo ya nne ya mwaka uliopita.

Hata tani zikiwa sahihi, hazimwambii mtu kama nyumba iliyo ndani kabisa ya mtaa inafikiwa. Malori yanaweza kushinda yakizoa barabara za lami na sokoni tu, tani zikatimia. Arusha hali ni hiyohiyo sehemu kama Unga Limited, ambako nyumba zimebanana na kazi inategemea mkokoteni au guta. Hapo kinachofaa ni dodoso fupi: kaya 30 kwa mtaa, ukianza na nyumba uliyoipata kwa kura na kuruka idadi ileile ya nyumba kila hatua. Usianzie kwa mwenyekiti wa mtaa, na usimtume anayekusanya ada ya taka kuuliza, maana watu watamjibu kama mdai. Usiulize "mnaridhika na huduma?" Uliza "gari lilipita lini mara ya mwisho?" na "zile ambazo hazikuchukuliwa mlizipeleka wapi?" Jibu la pili ndilo linaloonyesha mifereji na mashimo ya kuchomea. Stakabadhi za ada zisitumike kama idadi ya waliohudumiwa. Wapo wanaolipa bila gari kufika, na wapo wanaohudumiwa bila kulipa.

Kuhakiki hakuhitaji mfumo mpya. Weka daftari la dampo, kitabu cha safari cha gari na hati za dizeli mezani pamoja, wiki moja tu iliyochaguliwa bila taarifa. Gari lililokuwa gereji Jumanne haliwezi kuwa na tripu nne dampo Jumanne hiyohiyo. Tripu zinazolingana kila mwezi bila kupungua hata moja zinatosha kukufanya ufungue madaftari: pancha zipo, matope yapo, sikukuu zipo.

Jedwali linalopelekwa kwenye kamati lina safu za lengo na halisi, na mara nyingi safu ya sababu imejazwa "ufinyu wa bajeti". Mimi ningeirudisha taarifa hiyo. Sababu iandikwe hivi: gari moja kati ya matano lilisimama siku 19 kusubiri pampu ya haidroliki, mitaa mitatu ikakosa zamu. Kisha jina la cheo kitakachoshughulikia, na tarehe. Taarifa ya robo inayofuata ianze na mistari hiyo, kabla ya asilimia yoyote, na nakala ya ratiba na matokeo ya kila mtaa ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, ambako anayejua siku gari lilipopita ni yule anayeusoma.