Zima gari kwanza, kaka: siku yangu kwenye pampu, Malindi

Naamka saa kumi na nusu, kabla ya adhana ya alfajiri. Nachemsha chai, namfunika mtoto vizuri, kisha natia mfukoni kitambaa changu cheupe, kipande cha shuka kuukuu nilichokikata mwenyewe. Vitambaa vya kazini vipo, lakini ni vya rangi, na kwenye kitambaa chekundu huwezi kujua oili ya gari ikoje. Kwenye cheupe naona kila kitu. Ya dhahabu bado mpya. Nyeusi imefanya kazi, na weusi peke yake si ubovu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na gari hilo halifai kutoka hapo bila fundi kuliangalia.

Mimi ni mhudumu wa petroli stesheni hapa Malindi, huu mwaka wangu wa sita. Watu wakituona na sare wanadhani kazi yetu ni kushika mpira wa pampu na kupokea pesa. Tukifungua boneti, wanadhani tunatafuta njia ya kuwauzia oili. Hilo la pili ndilo linaloniuma, na ndilo lililonifanya niandike siku yangu ya Alhamisi iliyopita.

Saa kumi na mbili kasorobo. Nasoma mita za pampu pamoja na mwenzangu wa usiku, tunaandika, natia sahihi. Kuanzia hapo kila lita inayotoka ni juu yangu. Jioni hesabu ikipungua hiyo ni shoti, na shoti hukatwa kwenye mshahara.

Saa kumi na mbili mpaka saa mbili. Tuktuk, bodaboda, matatu za Mombasa, tuktuk tena. Mahamri mawili nayala nimesimama.

Saa mbili na robo. Huyu ndiye mteja ninayemngojea kila Alhamisi: mwalimu mstaafu mwenye pikapu ya zamani. Anaishi nyuma ya stesheni, hatua chache tu, kwa hivyo gari lake hufika injini ikiwa haijapata moto, na oili yote iliyokuwa juu imeshuka usiku kucha kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Hata hivyo hulipeleka mwenyewe mpaka pale pa kujazia upepo, hulizima, na huja kunisalimu huku tukingoja kidogo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Leo tuna nini?"

Kwa nini pale pa upepo? Kwa sababu uwanja wetu una mteremko. Umejengwa hivyo ili maji ya mvua yakimbilie barabarani, na macho hayauoni. Mimi niliujua siku nilipoweka chupa ya maji chini karibu na pampu ya pili, ikabingirika hadi kwenye mtaro. Gari likiinamia upande mmoja, oili kwenye sampu nayo huhamia upande huo, na dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, itakudanganya ingawa umeipangusa vizuri vipi. Pale pa upepo chupa hutulia.

Navuta dipstiki, naipangusa, kwa sababu mvuto wa kwanza hauna maana, oili imejipaka kila mahali. Nairudisha mpaka igonge mwisho. Navuta tena, naishika ikiwa imelala, ncha kidogo chini, isije oili ikakimbilia mkononi. Natazama pande zote mbili. Kukiwa na tofauti, naamini upande ulio chini. Mwalimu huinama na miwani yake kusoma pamoja nami. Oili ilikuwa katikati ya alama mbili, ya chini na ya juu, pazuri kabisa. Akaniambia ahsante, akalipa petroli yake, akaenda zake. Dakika saba zote pamoja.

Saa tano. Hapa ndipo siku yangu ilipokwama.

Iliingia Probox nyeupe kutoka upande wa Mombasa, imesheheni mizigo hadi dirisha la nyuma halionekani, inaelekea Lamu. Dereva hakuzima. Alifungua boneti injini ikinguruma, akaruka nje, akasema: "Dada, nipimie oili upesi, nimechelewa."

"Zima gari kwanza, kaka. Halafu tulisukume pale mbele, tungoje dakika tano."

"Dakika tano za nini? Oili ni oili."

Alilizima, nikadhani tumeelewana. Kumbe ana kitambaa chake. Akaichomoa dipstiki palepale, penye mteremko, injini ikiwa imetoka kukimbia kilomita 120, akaipangusa, akairudisha, akaichomoa tena. Akaniletea puani. Upande mmoja oili imejipaka hadi juu, upande wa pili inaishia karibu na alama ya chini. "Waona? Imekwisha. Niletee lita moja."

Nilimwambia sileti. Nilimweleza kwamba injini ikizimwa sasa hivi, oili nyingi bado iko juu kwenye kichwa cha injini na kwenye njia zake, inateremka taratibu. Ukipima kabla haijashuka utaona pungufu. Magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja. Ukiongeza lita kwa gari lisilohitaji umevuka alama. Krenki, ule mhimili unaozunguka chini ndani ya injini, inaweza kufikia oili, ikaipiga kama mtu apigaye mayai, ikafanya povu. Povu halilainishi chuma. Sili, zile pete zinazozuia oili isitoke, zinaweza kuanza kuvuja, moshi wa buluu ukatoka nyuma.

Hakusikia hata neno moja. Akapaza sauti hadi watu wa tuktuk wakageuka. Nyinyi watu wa petroli, akasema, siku zote mwatuibia, mwatia dipstiki nusu ili tuone imepungua. Na leo mtu ataka kununua kwa pesa yake, mwakataa! Wewe msichana wajua nini cha injini?

Nataka niseme wazi: wako wanaotia dipstiki nusu. Nimewasikia, na wametuharibia jina sote. Ndiyo maana mimi humwita mwenye gari aje aone kwa macho yake. Lakini kutukanwa kwa wizi mbele ya watu, siku ninayokataa kuchukua pesa, kulinikaba kooni. Chupa ilikuwa kwenye rafu, hatua nne kutoka niliposimama. Ningeiuza, angeondoka anafurahi, na supavaiza angefurahi zaidi.

Alimwita supavaiza. Supavaiza akatoka, akamsikiliza, akanisikiliza, akamsikiliza tena. Nyuma foleni imefika barabarani, watu wanapiga honi. Mwisho supavaiza akamwambia tu: "Kaka, hebu tusogeze gari, unazuia pampu." Tukalisukuma watu wanne mpaka pale pa upepo. Nilitazama saa: tulikuwa tumegombana dakika kumi na mbili. Muda wa kungoja ulishapita, na zaidi.

Nikatoa kitambaa changu cheupe. Nikapangusa, nikatia mpaka mwisho, nikachomoa. Nilirudia mara mbili kwa sababu sikuamini. Oili haikuwa imepungua. Ilikuwa imepita alama ya juu, kwa kadiri ya nusu ya nafasi iliyo kati ya alama zile mbili. Nikampa ashike mwenyewe.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, sauti chini, kwamba asubuhi alisimama mahali njiani, akapima vilevile, akaongezewa nusu lita.

Gari si lake. Kila shilingi anaitolea hesabu kwa tajiri yake, na sasa ilibidi apige simu kusema kwamba oili aliyoinunua inabidi imwagwe. Alisimama kivulini karibu na mizani ya upepo na simu sikioni, mkono mwingine kichwani. Hasira yangu iliniishia palepale. Tulimwita fundi wa ng'ambo ya barabara. Akalegeza nati ya sampu kwa uangalifu, maana oili ilikuwa bado ya moto, akakinga kwenye kopo, akaifunga. Tukangoja. Tukapima. Chini kidogo ya alama ya juu.

Dereva hakuomba radhi. Alijaza petroli, akachukua chenji, akasema "haya dada," akatia gia.

Baada ya hapo saa sikuzifuata tena. Adhuhuri lami iliwaka hadi viatu vikawa vinanata. Mama mmoja aliniomba nipime oili ya gari lake jipya, tukatafuta dipstiki mpaka nikafungua kitabu chake: halina, oili husomwa kwenye kioo cha dashibodi. Kisha dereva wa matatu akaja mbio ananiomba lita, taa nyekundu ya oili imewaka. Nilipima, kiwango kizuri. Nikamwambia asiwashe tena: taa ile inasema presha imeshuka, na presha inaweza kushuka hata sampu ikiwa na oili ya kutosha. Abiria walishuka wakinung'unika, wengine wakininung'unikia mimi. Walivutwa na matatu nyingine. Nilikula wali wa baridi saa kumi.

Jioni mita zilisomwa. Shoti, shilingi 140. Katika ile foleni ya saa tano kuna mtu nilimrudishia chenji zaidi, na sijui ni nani. Nikatia sahihi. Nikamwonyesha kijana mpya wa zamu ya usiku, ambaye ana wiki moja kazini, nikaiweka chupa ya maji chini karibu na pampu ya pili. Akaitazama ikibingirika. Akaenda kuichukua, akaiweka pale pa upepo, akachuchumaa kuiangalia.

Nyumbani mtoto alishalala. Nilikisugua kitambaa kwa sabuni ya kipande mpaka maji yakawa meusi, nikamwaga, nikasugua tena. Kilibaki na doa moja pembeni. Nikakianika dirishani kipate upepo, nacho kesho nakitaka saa kumi na nusu.