Upepo Unaoitwa Hamsini

Asubuhi ile ya Aprili, Cairo, nilikuwa nimeshavaa viatu niende Giza kuziona piramidi. Mpwa wangu, anayesoma Al-Azhar, akanizuia mlangoni. "Mjomba, leo usitoke. Khamasini hiyo."

Nikadhani ananitajia nauli. "Hamsini nini, pauni?"

Akacheka, akanivuta dirishani. Mbingu ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, na jua limebaki kiduara cheupe unachoweza kukikodolea macho. Ghorofa za ng'ambo ya barabara zilikuwa zimemezwa.

Nikatoka hivyo hivyo, ubishi tu. Kituo cha mabasi sikukifikia. Sisi watu wa Tanga upepo tunaujua wa bahari, uwe kaskazi au kusi, ukivuma unapata nafuu. Huu unatoka jangwani, na kadiri unavyovuma ndivyo unavyounguza, kama mtu kakufungulia tanuri la mikate usoni. Midomo ilinikauka papo hapo, na kila nikifunga kinywa meno yanasaga mchanga. Nikarudi mbio, nimejifunika shati puani.

Jioni mwenye nyumba, mzee wa makamo, alituletea karkade (choya ile ile ya kwetu). Nikamuuliza, mpwa akitafsiri, kama kweli unavuma siku hamsini mfululizo.

"Ungevuma hivyo, nani angeishi hapa?"

Kumbe hamsini ni msimu wake, baina ya Machi na Mei. Wenyewe huja siku moja, mbili, ukaondoka, ukarudi tena. Wapo wanaozihesabu siku hizo kuanzia Pasaka ya Wakopti, Wakristo wa Misri, hadi Pentekoste.

Mpwa akaongeza kwamba Waarabu wana jina jingine la upepo wa moto, samumu, na shina lake ni lile lile la sumu. Akanikumbusha Sura ya Al-Hijr, majini walivyoumbwa kwa moto wa samumu. Nikabaki kimya. Sura hiyo naisoma tangu chuoni, na sumu ya panya nanunua kila mwaka, lakini maneno hayo mawili sikuwahi kuyakutanisha.

Usiku tukaziba chini ya dirisha kwa taulo lililoloweshwa. Kulipokucha lilikuwa limegeuka tope, na vumbi limeingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Nje mbingu ya buluu, upepo umegeuka, unatoka kaskazini.

Giza nilikwenda na sweta.