Pale ngoma zinaponyamaza

Safari ya Jon Anderson, mwimbaji wa bendi ya roki ya Uingereza iitwayo Yes, kuelekea muziki wa utulivu haikuanza siku alipotoka kwenye bendi. Sikiliza "Close to the Edge", wimbo wa Yes wa mwaka 1972 unaokaribia dakika 19. Katikati yake ngoma zinanyamaza, kinanda cha kanisa kinaingia, na ile sauti yake nyembamba inaelea juu. Mwaka 1973 maelezo ya chini ya ukurasa katika kitabu cha Paramahansa Yogananda, mwalimu wa yoga wa India, yakazaa albamu ya Yes, Tales from Topographic Oceans: nyimbo nne tu, zaidi ya dakika 80. Mwaka 1976 akatoa albamu yake mwenyewe, Olias of Sunhillow, vyombo akipiga mwenyewe. Alipoanza kutoa albamu na Vangelis, mpiga vinanda wa Ugiriki, mwaka 1980, vinanda vilishachukua nafasi ya bendi. Alikuwa anapunguza kidogo kidogo, na kila alichopunguza kiliiongezea sauti yake mzigo.

Mwimbaji wa Mtwara au Lindi anayetoka kwenye bendi ya ukumbini kuja kwenye muziki huu wa utulivu ataukuta mzigo huohuo. Aliyekulia kwenye kaswida au kwaya ana nafuu, kwa sababu ameshazoea kushikilia noti ndefu.

Anza na kinanda, sauti ya nyuzi laini. Shikilia do na so, acha mi. Mi ndiyo inayoamua kama wimbo ni wa furaha au huzuni, na kazi hiyo mwachie mwimbaji. Usiweke mdundo. Kabla ya kuimba, mwimbaji atoe pumzi kwa "sss" hadi afikishe sekunde 20 bila mabega kupanda. Kosa la watu wa bendi ni kusukuma koo. Wakiambiwa waimbe taratibu, noti inashuka. Dawa yake ni kuimba juu ya ile do, sikio moja likiwa na spika ya sikioni na jingine wazi.

Kwenye maneno, Kiswahili kinatubeba: karibu kila neno linaishia na irabu. Lakini mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "amani", vuta "ma", kisha "ni" iwe fupi. Ukivuta "ni", neno linasikika la kigeni, na hili ndilo linaloharibu nyimbo nyingi kuliko hata vifaa vibovu.

Mwangwi wa sekunde 3 unatosha. Punguza besi kwenye mwangwi wenyewe, la sivyo sauti inakuwa tope. "S" na "ch" zikichoma masikio, geuza kinywa pembeni kidogo ya maikrofoni. Rudufu sauti, yaani irekodi tena juu ya ileile, mara mbili tu. Ukizidisha, pumzi za mwimbaji hazisikiki tena, na bila pumzi wimbo unakosa mtu ndani yake.

Rekodi alfajiri, kabla ya bodaboda, feni ikiwa imezimwa. Chumba cha bati tundika khanga au mablanketi kwenye kuta. Mvua ikianza, acha kazi. Ukitaka sauti ya bahari, nenda Mikindani maji yanapojaa mikokoni, funika maikrofoni kwa sponji na uupe upepo mgongo, hasa msimu wa kusi, upepo wa kusini. Halafu ile sauti ya maji ishushe mpaka isikike pale tu mwimbaji anapovuta pumzi.