Mbayuwayu wa tarehe 8

Jumamosi, 22 Novemba

Kamusi zinasema majira haya ya huku yanaitwa vuli. Huu ni mwaka wangu wa sita Norfolk, Uingereza, na neno hilo bado halijanikaa kinywani. Kwa mtu wa Tanga vuli ni mvua, ni matope ya njia ya shambani na kumbikumbi wanaozunguka taa. Vuli ya huku ni giza. Jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, majani yaliyolowa yamegandamana na lami, na watu wanasalimiana kwa kulalamikia baridi.

Leo nimetoka zamu ya usiku pale tunapofungasha mboga na sikulala. Mzee wa Daftari alinipitia na gari lake linalonuka mbwa, tukaenda Snettisham. Ni fundi bomba mstaafu. Jina hilo nimempa mimi na mwenyewe halijui. Kikundi chao ni watu saba wanane, wengi umri wa baba yangu, na kazi yao ni kuandika walichokiona: ndege gani, wangapi, wapi, upepo unatoka upande upi. Wasipoona kitu, wanaandika pia kwamba hawakuona kitu. Mwanzoni nilikuwa nikicheka kimoyomoyo. Mtu anaamka alfajiri, anavaa gambuti, anatembea nusu saa kwenye umande, halafu anaandika "hakuna"?

Kilichonifanya niwe mwenzao ni bamvua. Siku ya kwanza mama mmoja wa kikundi alinieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto, kwamba ziko siku bahari hujaa kupita kawaida na siku hizo hufuata mwezi. Babu yangu alivua Sahare maisha yake yote. Nikamwambia kwetu hayo ni maji ya bamvua, yale madogo ni maji mafu, na leo mwezi una siku ya ngapi? Hakujua. Alikuwa na kijitabu cha nyakati za maji mfukoni. Tangu hapo wananiuliza mimi kwanza, kwa utani, ndipo wanafungua kijitabu.

Leo mwezi ndiyo kwanza umeandama, kwa hiyo maji yalikuwa makubwa. Snettisham iko ukingoni mwa ghuba pana iitwayo The Wash. Maji yakipwa, matope yanaenda mpaka macho yanachoka, na vitwitwi wametapakaa humo wakidonoa kombe wadogo. Yakianza kujaa, wanasogea hatua mbili, wanasimama, wanasogea tena, wanabanana mpaka matope yote yaliyobaki yamefunikwa na migongo. Wengi ni wale wa kijivu ambao Waingereza huwaita kwa neno lile lile la fundo la kamba. Ni makumi ya maelfu, kutoka Greenland na kaskazini mwa Kanada, wamekuja kukaa hapa msimu wa baridi. Kwao hiki ndicho kijoto.

Halafu wakaruka, wote. Nimejaribu kutafuta mfano tangu asubuhi. Kanga inayokung'utwa, labda: inageuka nyeupe, inageuka kijivu. Lakini kanga haina sauti ile. Walipopita juu yetu niliinamisha kichwa bila kutaka, kwa sababu masikio yangu yalisikia mvua inayokuja juu ya paa la makuti, ile unayoisikia nyumba ya jirani kabla haijafika kwenu. Nikainua uso. Kukavu kabisa. Wakashuka kwenye mabwawa ya nyuma, mashimo ya zamani ya kuchimba kokoto, wakasimama bega kwa bega kungoja maji yapwe.

Kabla ya hapo bata bukini wa miguu ya waridi walikuwa wameshapita. Hao hulala matopeni na kukicha huelekea mashambani kula masalia ya viazisukari. Mzee akahesabu 4,000 kwa jicho, mwenzake akasema hazidi 3,000, wakaandika 3,500. Sikusema kitu. Nimeona bei za samaki zikifikiwa hivyo hivyo.

Wakati wa chai kila mtu hutoa habari zake za wiki. Yule mama wa kijitabu alisimama uani kwake usiku wa Jumatano akawasikia wale ndege wa nyusi nyeupe na kwapa jekundu wakiingia kutoka Skandinavia. Hupita gizani wakitoa sauti nyembamba, "siii", na anasema hakumwona hata mmoja ila aliandika kumi na wanne. Mwingine alikuwa Blakeney, ambako sili wa kijivu wanazaa sasa hivi, vitoto vyeupe kama pamba vimelala mchangani. Ndipo Mzee akafungua ukurasa mwingine na kuuliza swali ambalo sikulitegemea: mbayuwayu wa mwisho kabla hawajahamia kusini, nani kamwona?

Kumbe wa mwisho ndiye mgumu. Wa kwanza akija Aprili unamjua palepale, unapiga kelele, unatuma ujumbe. Wa mwisho anapita kama wengine wote. Hujui kuwa ni wa mwisho mpaka zipite wiki mbili tatu bila mwingine, na hapo ndipo unaanza kujiuliza ulikuwa wapi siku ile na ulikuwa unafanya nini. Mmoja alikuwa na wa tarehe 19 Oktoba. Mwingine wa tarehe 27.

Nikasema mimi nilimwona mmoja, juu ya maegesho ya magari, nilipokwenda kuchukua baiskeli yangu kwa fundi. Lini? Sikuandika. Nikapekua koti. Risiti ya fundi ilikuwa mfuko wa ndani, imekunjwa mara nne na nadhani ilishawahi kufuliwa, maana karatasi ilikuwa laini kama kitambaa na wino umefifia. Mzee akavua miwani, akaisogeza karibu na pua. Mnyororo mpya, kazi ya fundi. Tarehe 8 Novemba.

Kimya. Halafu maswali, kama kituo cha polisi. Aliruka vipi? Mkia ulikuwa na nyuzi ndefu? Koo? Na kiuno, pale mgongoni juu ya mkia, kilikuwa rangi gani?

Kiuno kina maana yake. Kikiwa cheusi-buluu, ni mbayuwayu wa kawaida aliyechelewa. Kikiwa cheupe ni binamu yake. Kikiwa chekundu basi ni mgeni kutoka kusini, ambaye huku huonekana kwa nadra na watu huendesha gari kutoka mbali kumfuata. Yaani ndugu wa wale wanaojenga viota vya udongo chini ya madaraja yetu, mfano wa chupa iliyolazwa! Nimekua nikiwarushia mawe. Na sikuangalia kiuno. Mbayuwayu ni mbayuwayu, nilimwona, nikalipa, nikapanda baiskeli.

Njiani Mzee alinisimulia habari ya wakili mmoja wa Staffordshire, John Masefield (si yule mshairi), aliyemvalisha mbayuwayu pete mguuni Mei 1911. Desemba 1912 ndege huyo akakutwa shambani Natal, Afrika Kusini, na pete yake. Hapo ndipo Waingereza walipopata ushahidi wa wanakokwenda. Kabla ya hapo wapo waliodhani ndege hawa hulala kwenye matope ya mabwawa hadi joto lirudi. Gramu 20 hivi, juu ya Sahara. Nilikuwa nimefumba macho kwa usingizi lakini nilisikia kila neno.

Aliponishusha nyumbani alinionyesha daftari. "8 Nov. Mbayuwayu, 1." Mbele yake alama ya kuuliza, kubwa. Nikamwomba aitoe. Akakataa, akacheka, akaondoka.

Nilishindwa kulala. Nikamtumia mdogo wangu ujumbe wa sauti: dada, hebu toka nje uangalie kwenye nyaya za umeme, mbayuwayu wako wangapi? Akajibu kwa kucheka. "Kaka, nikae juani kuhesabu ndege? Huko Ulaya kazi zimeisha?" Nikajua ndiyo imeishia hapo. Baada ya saa nzima ukaingia mwingine, mfupi, na nyuma yake pikipiki inapita: "Kumi na mmoja. Viuno sijaona, wote wamenipa kifua."

Nimeandika: Tanga, Barabara ya 12, mbayuwayu 11. Nimemuuliza upepo unatoka wapi. Hajajibu.