Saida ya barafu ni zaidi ya utamu

Anayeonja saida ya barafu, kileo cha juisi ya matufaha iliyokolezwa na baridi, kwa mara ya kwanza husifu utamu wake. Ana haki, maana sheria ya hapa Quebec inataka kila lita ibaki na sukari isiyopungua gramu 130. Lakini mimi, tangu nihamie Kanada na kuanza kuzunguka kwenye mashamba ya matufaha ya kusini mwa jimbo hili, nimekipenda kileo hiki kwa uchachu wake.

Hakina umri mkubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kule Dunham, karibu na mpaka wa Marekani, mtengeneza mvinyo mzaliwa wa Ufaransa, Christian Barthomeuf, alichukua wazo la mvinyo wa barafu, yaani ule wa zabibu zilizoganda mzabibuni, akalihamishia kwenye matufaha. Quebec ina matufaha tele, na baridi ndiyo usiseme.

Njia inayotumika zaidi ni hii. Matufaha huchumwa majira ya vuli, yakahifadhiwa penye ubaridi hadi mwaka unapoelekea ukingoni, kisha yakakamuliwa. Juisi huachwa nje kwenye matangi, igandishwe na baridi ya Januari. Maji ndiyo yanayotangulia kuganda. Sukari, asidi na harufu ya tunda husongamana katika kimiminika kinachobaki. Barafu inapoanza kulegea, kinachodondoka kwanza ni hicho kizito, nacho mara nyingi hakizidi robo ya juisi yote. Niliwahi kulamba kipande cha barafu iliyosalia tangini: maji matupu, tufaha halipo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba baridi haiongezi kitu, inaondoa maji tu, na kwa hiyo uchachu hukolea sambamba na utamu. Ukimimina sukari kwenye juisi ya kawaida hupati kitu hicho hata kidogo.

Njia ya pili ni ngumu na ni adimu. Matufaha huachwa mtini hadi katikati ya baridi kali, yachumwe kwa mkono na kukamuliwa yakiwa yameganda, nyuzi kama 8 hadi 15 chini ya sifuri. Aina nyingi huanguka zenyewe mapema, hivyo zinahitajika zile zinazong'ang'ania tawi. Jua, upepo, kuganda na kuyeyuka tena na tena huyakausha na kuyabadilisha. Saida yake huwa na ladha ya viungo na karameli, na kwangu hiyo ndiyo bora, ingawa bei yake inauma.

Juisi ya kawaida ya tufaha huwa na Brix, kipimo cha sukari katika juisi, kama 12 hivi. Juisi ya saida ya barafu lazima ifike angalau 30 kabla ya kuchachuka, na ifikishwe huko na baridi ya asili peke yake. Mashine ya kugandishia hairuhusiwi. Naliunga mkono sharti hilo kwa moyo wote. Katika sukari nyingi namna hiyo hamira hufanya kazi kwa taabu, miezi kadhaa, hadi mtengenezaji aizuie kwa kupoza na kuchuja. Kilevi huishia kati ya asilimia 7 na 13.

Rangi yake ni ya dhahabu, au kahawia ya kaharabu. Ukinywa, kwanza linakuja tufaha lililookwa, asali, pengine aprikoti na ganda la chungwa. Utamu unatanda ulimi mzima, na kabla haujakukinaisha uchachu unapenya pembeni mwa ulimi, mate yanajaa, unataka funda jingine. Ile ambayo uchachu huo haupo mimi huiacha, hata kama chupa yake ni nzuri kiasi gani.

Mimina kidogo, katika glasi ndogo, iwe baridi lakini isizizime hadi harufu ikapotea. Keki siipendekezi, sukari juu ya sukari. Jaribu na jibini lenye ukungu wa buluu, chumvi yake inaichangamsha sana. Ikibaki, ifunge vizuri uirudishe kwenye friji. Itavumilia wiki mbili bila shida.