Sufuria zenye uzi mwekundu jikoni kwa bibi, Kibosho

Tulipofika Moshi Desemba iliyopita, hatukupanda moja kwa moja kama tulivyozoea hadi kwetu Kibosho, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Tulipitia kwanza soko la Mbuyuni tukanunua sufuria mbili, mwiko, chujio na ndoo ndogo yenye mfuniko ya kuhifadhia unga, na kila chombo nikakifunga uzi mwekundu. Binti yangu, ambaye sasa ana miaka 9, alivibeba mwenyewe hadi jikoni kwa bibi yake, kwa sababu vilikuwa vyake peke yake na tulikuwa tumekubaliana kwamba yeye ndiye atakayeeleza sababu.

Sababu ni ugonjwa wa siliaki. Kinga ya mwili wake inapokutana na gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai (nafaka ya jamii ya ngano), huushambulia utumbo wake mdogo, na vile vijinyweleo vinavyofyonza chakula huharibika, hata mtoto akawa anakula bila kunufaika. Huko Utrecht, Uholanzi, tunakoishi, kwa miaka miwili niliona tumbo lake likijaa gesi, mikono ikikonda, damu ikipungua na kimo kikisimama, nami nikampa dawa ya minyoo mara kadhaa, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Kipimo cha damu ndicho kilichofichua kingamwili za ugonjwa huu, yaani protini ambazo kinga ya mwili huzitoa inapochokozwa na gluteni, kisha vikachukuliwa vipande vidogo vya utumbo ili kuthibitisha. Mzazi anayeshuku jambo kama hili ninamsihi asimwachishe mtoto ngano kabla ya vipimo kukamilika, kwa maana utumbo ukianza kupona, majibu yanaweza kuonyesha kwamba mtoto hana tatizo. Vilevile ugonjwa huu hufuata ukoo, kwa hiyo baba yake, mdogo wake na mimi tulipimwa pia.

Nilihofia safari ile kwa sababu ya upendo wa nyumbani. Kwetu mgeni hulishwa, na mtoto aliyekonda hulishwa zaidi. Mwaka uliotangulia, kwenye simu, niliwaambia ndugu kwamba mtoto ana aleji ya ngano, na hilo lilikuwa kosa langu, kwa kuwa siliaki si aleji, na neno hilo liliwafanya wadhani kwamba kipande kidogo cha chapati kitamwasha tu kisha kitapita. Kumbe hata makombo yanatosha kuuchokoza utumbo, iwe mtoto ataugua usiku huo au hataonyesha dalili yoyote. Sheria za Ulaya haziruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni kama kina zaidi ya miligramu 20 katika kilo moja, na kiasi hicho ni kidogo mno kuonekana kwa macho. Binti yangu alipomaliza kueleza haya kwa Kiswahili chake cha kusitasita, mama yangu alisema, “Nimekuelewa, mjukuu wangu. Ni kama tone la mafuta ya taa kwenye ndoo ya maji ya kunywa.” Tangu siku hiyo sijapata maelezo bora zaidi, na ndiyo ninayoyatumia.

Kisha nikamsimulia habari ya ndizi. Mwaka 1924 daktari mmoja wa New York, Sidney Haas, aliandika kwamba aliwatibu watoto wa aina hii kwa mlo wa ndizi, akiamini kwamba ndizi ndiyo dawa, ilhali kilichowaokoa ni kunyimwa mkate. Ukweli huo ulikuja kuonyeshwa na daktari wa watoto wa Kiholanzi, Willem-Karel Dicke, katika tasnifu aliyoiwasilisha Utrecht mwaka 1950. Mama alinyamaza kidogo, akatazama migomba nje ya dirisha, akasema kwamba basi mtoto huyu amekuja kwao.

Alisema kweli. Mtori, machalari, kiburu, makande, ugali wa mahindi, wali na maharage, uji wa ulezi: chakula cha mlimani karibu chote kinamfaa, na kwa mara ya kwanza tangu augue alikula kilichomo katika sahani ya kila mtu. Hatari ilikuwa mahali ambapo ngano hupita bila kutajwa. Mafuta yaliyokaangiwa maandazi asubuhi ndiyo yanayokaangiwa viazi mchana. Mchuzi huongezwa unga ili uwe mzito. Hata vitumbua, ambavyo ni vya mchele, mpishi mwingine huvichanganyia ngano kidogo.

Siku ya tatu shangazi yake alimpikia uji wa unga wa lishe katika sufuria ileile yenye uzi mwekundu, kwa uangalifu wote, bila kujua kwamba unga ule ulikuwa umechanganywa ngano. Usiku binti yangu alitapika hadi alfajiri, na shangazi yake alilia kuliko mgonjwa. Sikumlaumu, maana nami nilikuwa nimekagua vyombo nikasahau kuuliza kuhusu unga. Kesho yake walikwenda pamoja kununua ulezi wa punje, wakauchambua, wakauosha na kuuanika, kisha wakautafutia mashine ambayo mwenyewe aliwahakikishia kwamba husaga mahindi tu. Mashine inayosaga ngano huacha vumbi lake ndani, na wanaosaga baadaye hulibeba.

Kanisani nako tulijiandaa mapema. Hostia, yaani mkate wa komunyo, ni ya ngano, na Kanisa Katoliki halikubali hostia isiyo na gluteni kabisa, ingawa linaruhusu yenye gluteni kidogo sana. Padri alituelekeza kwamba anaweza kupokea katika umbo la divai peke yake, kutoka kikombe ambacho hakikutiwa kipande cha hostia. Mtoto alipiga magoti pamoja na wenzake, na hilo lilikuwa na uzito mkubwa kwangu, kwa kuwa ninaogopa upweke wake kuliko ninavyoogopa tumbo lake.

Tuliporudi Utrecht alipimwa tena, na kingamwili zilikuwa zimeendelea kushuka. Nilipompigia mama simu kumwambia, aliuliza tutakuja lini tena, na ulezi wa kusaga uwe debe moja au mawili.